Shangazi Hali Mchicha

Mtaani walimwita Tingatinga, na aliyempa jina hilo hakukosea. Alikuwa na mabega ya kujaza mlango, mikono kama makoleo, na sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kukatia vyuma. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, madirisha, vitanda vya chuma na chochote kingine ambacho mteja angeweza kukichora kwa kidole hewani. Karakana ilikuwa uani, nyuma ya nyumba yake, na cheche ziliruka huko kutwa nzima. Wateja wapya walimwogopa kidogo. Wakishamzoea waligundua kwamba hana ukali wowote, ila maneno yake ni machache na hutoka kwa kusukumwa.

Mtu huyu, na ukubwa wake wote, alikuwa anafuga simbilisi.

Kwa asiyemjua, simbilisi ni mnyama mdogo mla majani, mnene kama mkate, hana mkia, ana macho ya mtu anayesubiri kuletewa kitu. Huyu alikuwa wa binti yake Tingatinga, mtoto wake wa pekee. Binti alipopata kazi mji mwingine alimwachia baba yake, "Wiki mbili tu, Baba, mpaka nipate chumba." Chumba akapata. Baadaye akapata kikubwa zaidi. Simbilisi akabaki palepale. Ukimuuliza binti, alisema mwenye nyumba hataki wanyama. Ukimuuliza baba, alitazama pembeni na kusema, "Sasa nimtupe?" Lakini alikuwa ameshamtengenezea kizimba cha ghorofa mbili chenye ngazi, kibaraza na mlango wenye maua ya chuma, na mteja akija kuulizia geti hukitazama kwanza kile kizimba na kusema, "Fundi, mimi nataka maua kama yale."

Simbilisi aliitwa Shangazi. Jina alipewa na binti, siku ya kwanza kabisa, pale mnyama aliposikia mfuko wa plastiki ukichakarika, akasimama kwa miguu ya nyuma na kupiga mluzi mrefu wa kudai. Binti alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, huyu ni shangazi mtupu! Msikilize! 'Chai iko wapi? Chai iko wapi?'"

Shangazi mwenyewe, yaani dada mkubwa wa Tingatinga, alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu wa mji ule alikuwa amewapokea kwa mikono yake, na aliwatazama wote kana kwamba bado hawajafungwa kitovu. Kila Jumamosi alikuja kwa ndugu yake, nguo zimenyooka kama zimetoka dukani, akapitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, akakuta vumbi, akasema aliyokuwa nayo. Hakujua kwamba ndani ya nyumba ile kuna mnyama mwenye cheo chake. Mbele yake, baba na binti walisema "huyu mnyama." Yeye alimwita "panya wenu."

Shida ilianza kuonekana kwenye taulo kuukuu alizokuwa anatandikiwa simbilisi. Tingatinga aliona madoa meupe, makavu, yanayopukutika kama chaki. Kisha akamwona Shangazi amejikunja kwenye kona, mgongo juu, akitoa mlio mwembamba kila anapokojoa. Fundi aliyewahi kujichoma mkono na kuendelea na kazi safari hii aliacha kazi palepale. Alizima mashine, akamweka mgonjwa ndani ya boksi lenye taulo safi, akaondoka na mteja akiwa bado amesimama uani na vipimo vya dirisha mkononi.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye vidole vyepesi. Alimpima Shangazi, akampiga picha ya eksirei, akaitundika picha kwenye taa.

"Jiwe hana," alisema. "Bado. Lakini unaliona hili wingu? Hiyo ni chokaa imejaa kwenye kibofu, imetulia chini kama mchanga chini ya mtungi."

"Chokaa? Mimi nyumba yangu nimepaka rangi ya mafuta."

Daktari alicheka. "Ya kwenye chakula, fundi. Kalsiamu. Mimi na wewe tukila ikizidi, nyingi inapita tu. Simbilisi mwili wake unaipokea karibu yote, halafu unaitolea kwenye mkojo. Ikiwa nyingi mno inaganda, ndiyo maana anaumia. Unamlisha nini?"

Tingatinga alijinyoosha. Hapa alijua amefanya vizuri. "Mchicha. Mbichi, wa siku hiyohiyo. Na zile nyasi za lusani wanazopewa ng'ombe wa maziwa. Kitu bora."

Daktari alifumba macho, kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Basi vyote viwili tunaviaga leo. Mchicha, spinachi na lusani asivione tena. Mpe nyasi kavu za kawaida, nyingi, awe nazo mbele yake muda wote, hizo ndizo chakula chake hasa. Kipande cha hoho kila siku usikose, maana vitamini C mwili wake hauwezi kuitengeneza. Tango na majani ya saladi ni sawa. Karoti kwa nadra, kama peremende kwa mtoto. Zile punje za chakula cha wanyama za dukani, kidogo tu. Na maji, fundi. Maji kwa wingi. Mboga ukiosha usizikaushe, mpe zikidondoka maji hivyohivyo."

Alimpa na dawa ya maji ya kumwekea mdomoni kwa bomba la sindano, akamwonyesha namna ya kumshika. Tingatinga alirudi nyumbani akirudia moyoni: hoho, tango, saladi, nyasi. Hoho, tango, saladi, nyasi.

Tingatinga hakumwambia dada yake. Alijua atakachosema. Angesema, "Hospitali? Kwa panya?" na wiki nzima ingepita kwa habari hiyo.

Kesho yake asubuhi alikwenda sokoni, kwenye meza ya mwanamke aliyeitwa Mama Hoho. Jina lilitokana na jinsi alivyopanga pilipili hoho zake, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, kijani kwa kijani, mpaka meza ikawa kama bendera ya nchi yenye raha. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye mdomo usiolala, na alimjua kila mteja kwa kitu anachonunua. Tingatinga alikuwa wa mchicha.

"Kaka Tingatinga! Nimekuwekea fungu lako hili hapa, umande haujakauka."

"Leo sichukui mchicha. Nipe hoho."

Mama Hoho alikuwa bado anashangaa, fungu la mchicha mkononi, simu ya Tingatinga ilipolia. Mashine zilikuwa zimemharibia masikio, kwa hiyo simu yake ilikuwa ya sauti ya nje siku zote, na binti naye hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Baba! Shangazi amekojoa leo?"

"Amekojoa."

"Mkojo ukoje?"

"Mweupe. Kama maziwa yaliyotiwa maji."

"Analia akikojoa?"

"Kidogo. Jana alilia zaidi."

"Masikini Shangazi wangu! Umembadilishia taulo?"

"Nimembadilishia."

"Na dawa anameza?"

"Anaitema. Mpaka nimshike kichwa."

"Vumilia, Baba. Na mchicha usimpe, hata akipiga kelele vipi!"

"Simpi. Jana amepiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Sikumpa."

Alikata simu. Mama Hoho alikuwa ameweka mchicha chini taratibu, na mkono mmoja ulikuwa kifuani. Muuza vitunguu wa meza ya pili alikuwa ameacha kumenya.

"Pole sana, kaka yangu," alisema Mama Hoho. "Unamuuguza peke yako?"

"Peke yangu."

"Hata kumbadilisha?"

"Hata kumbadilisha."

"Mwanamume!" alisema muuza vitunguu, akimwambia kila aliye karibu. "Jamani, mwanamume! Wa hivi wamebaki wapi?"

Tingatinga alifungua kinywa aeleze. Lakini nyuma yake kulikuwa na wateja wanasubiri, na wote walikuwa wanamtazama kwa macho mema, na yeye mtu wa mikono ile na mabega yale angeanzia wapi kusema kwamba Shangazi ana manyoya? Tena Mama Hoho alikuwa anamchagulia hoho mwenyewe, moja moja, akizigeuza kwenye mwanga. Mke wa Tingatinga alifariki binti akiwa mdogo, na miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu kumchagulia kitu. Alifunga kinywa. Akajiambia, kesho nitamweleza.

Kesho ikaja na Mama Hoho akamwahi. "Shangazi ameamkaje?"

"Ameamka vizuri."

"Kutembea anatembea?"

"Anatembea. Akisikia mlango wa friji anakimbia."

Mama Hoho aliinua macho juu. "Mungu mkubwa. Na meno anayo? Hoho mbichi si laini."

"Anayo. Makubwa."

Ndivyo ilivyokwenda. Hakusema uongo hata mara moja, na kila alipokwepa uongo alizidi kuzama. Akaletewa matango membamba, ambayo mbegu zake hazijakomaa. Akaletewa saladi za majani marefu zilizotoka shambani asubuhi ileile. Akapewa na ushauri wa kuzuia mgonjwa asivimbe miguu. Akaulizwa kama Shangazi ni mtu wa kushukuru, akafikiri, akasema, "Akishiba."

Nyumbani aliifuata amri ya daktari kwa unyofu wa mtu anayepima chuma. Nyasi alinunua kwa mfugaji mmoja, akazinusa kwanza zisije zikawa na ukungu. Mboga aliziosha akampa zikidondoka maji. Maji ya kunywa alibadilisha asubuhi na jioni. Shangazi alipiga mluzi akidai mchicha mpaka mishipa ikaonekana, na Tingatinga alisimama mbele ya kizimba, mikono nyuma, akimwambia, "Hapana. Ni kwa faida yako."

Shangazi alipata nafuu, halafu akarudi nyuma. Katikati ya wiki mkojo ulikuwa unaelekea kuwa safi, ikifika Jumapili taulo ina chaki tena. Daktari alikuna kichwa kwa kalamu.

"Una hakika lusani imekwisha?"

"Imekwisha."

"Na mtu mwingine hamlishi?"

"Nani? Naishi peke yangu. Anakuja dada yangu tu, na huyo hata kumtazama hataki."

"Basi tuendelee," alisema daktari. "Lakini kuna kitu kinatupita hapa."

Jumamosi iliyofuata, Mama Hoho alifunga meza mapema. Yeye na muuza vitunguu walivaa vizuri, wakajaza kikapu matunda, wakauliza njia ya kwenda kwa fundi wa mageti. Huwezi kusikia habari za mgonjwa kila siku, alisema, halafu usiende kumjulia hali. Watu watasema nini?

Tingatinga alikuwa uani, kofia ya kuchomelea usoni, mashine inanguruma. Hakusikia hodi. Aliyefungua mlango ni dada yake, kitambaa cha kufutia vumbi mkononi.

Mama Hoho alimtambua mara moja, akafurahi. "Aa! Mama wa Jumamosi! Kumbe na wewe umekuja kumwona mgonjwa?"

Huyu mama alikuwa mteja wake. Jina lake hakulijua, ila kila Jumamosi alipita na kununua fungu moja dogo la mchicha, akaondoka bila maneno mengi.

"Karibuni," alisema dada mtu. "Mgonjwa gani?"

"Shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Si huyu wa kaka Tingatinga! Anayeumwa kibofu."

Mkunga mstaafu alijinyoosha. "Mwanangu, nyumba hii ina shangazi mmoja, na ndiye mimi."

Wanawake wawili walitazamana. Walimtazama huyu mama kuanzia viatu mpaka kilemba. Muuza vitunguu ndiye aliyepata ulimi kwanza, na alisema kwa huruma kubwa, "Pole sana, mama. Hata hujionyeshi. Na sasa mkojo unatoka bila kulia?"

Dada mtu alimsogelea hatua moja.

"Bila kufanya nini?"

"Usione haya, mama, sote ni wanawake," alisema Mama Hoho, akimwekea kikapu miguuni. "Mdogo wako anatuambia kila kitu. Jinsi unavyotema dawa mpaka akushike kichwa. Jinsi anavyokubadilishia taulo. Ni kijana mwema sana, usimpigie kelele, mchicha umekatazwa na daktari."

Dada mtu aliuacha mlango wazi. Aligeuka, akapita sebuleni, akapita jikoni, akatokea uani na kuchomoa waya wa umeme ukutani. Mashine ilikufa. Tingatinga aliinua kofia ya usoni, akamwona dada yake, na nyuma ya dada yake Mama Hoho na kikapu, na akajua maji yamemfika shingoni.

"Wewe mtoto," alisema dada yake kwa sauti ya chini, ile ya wodini. "Nieleze kuhusu mkojo wangu."

Hakukuwa na mahali pa kupita. Tingatinga alivua glavu moja, akavua ya pili. Kisha akanyoosha kidole kwenye kizimba cha ghorofa mbili kilichokuwa kivulini karibu na mlango wa jikoni.

"Shangazi ni yule," alisema.

Simbilisi, kuona watu wamejaa, na mmoja wao amebeba kikapu, alisimama kwa miguu ya nyuma akapiga mluzi uliopenya uani pote.

"Jina alimpa mtoto," aliendelea fundi, akitazama viatu vyake. "Kwa ajili ya hiyo sauti. Ana chokaa kwenye kibofu. Nilitaka kusema. Nilitaka kusema siku ya kwanza."

Muuza vitunguu alianza kucheka, akajaribu kuzuia, ikawa mbaya zaidi. Ilibidi ashike mlango. Lakini Mama Hoho hakucheka. Uso wake ulikuwa umewaka.

"Soko zima limemwombea," alisema. "Nimewaambia watu wote. Nimemwombea mimi mwenyewe, kwa magoti. Kumbe panya?"

"Simbilisi," alisema Tingatinga kwa unyonge.

"Umenifanya mjinga, kaka."

Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposita. Kitu fulani kilikuwa kimemrudia kichwani. Alimtazama dada mtu.

"Mama, samahani. Ule mchicha wako wa Jumamosi huwa unampikia nani?"

Na sasa ilikuwa zamu ya mkunga mstaafu kutazama viatu vyake.

"Kwa sababu ni fungu dogo sana," aliendelea Mama Hoho. "Nilikuwa nikijiuliza."

"Nilimwonea huruma," alisema dada mtu hatimaye, na kila neno lilitoka kama jino. "Naja hapa nakuta kwenye bakuli tango na hoho. Tango na hoho! Mnyama analia njaa. Nikaona mdogo wangu amekuwa bahili. Nimezalisha wanawake mji mzima, na wote nimewaambia wale mchicha, unaongeza damu. Sasa huyu kwa nini asile?" Alikunja kitambaa cha vumbi mara mbili. "Tena ananijua. Nikiingia tu, ananiita."

Tingatinga alikaa juu ya geti ambalo halijakwisha. "Ni wewe, Dada. Daktari anakuna kichwa, kumbe ni wewe."

"Ungeniambia ni mgonjwa!"

"Ungesema hospitali kwa panya!"

"Ningesema," alikubali dada yake. "Lakini mchicha nisingempa."

Muuza vitunguu sasa alikuwa amekaa chini kabisa, machozi yanamtoka. Mama Hoho alimwinua kwa mkono, akaaga kwa adabu, akaondoka naye. Kikapu alikiacha. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mtu wa kurudi na zawadi nyumbani.

Wiki ile Tingatinga alinunua mboga meza nyingine. Hoho zilikuwa na mikunjo kama magoti ya mzee. Dada yake alikuja Jumatatu, ambayo haikuwa siku yake, akamchunguza simbilisi tumboni kwa vidole vilivyojua kazi, akasema, "Shangazi, tulia." Alilitamka jina mwenyewe, bila kucheka. Kisha akamgeukia ndugu yake.

"Na yule mwanamke?"

"Yupi?"

"Usinifanye mtoto. Umemwomba radhi?"

"Nitasema nini?"

"Utasema ulichofanya. Tena palepale ulipokifanyia."

Siku ya kumrudisha mgonjwa kwa daktari, Tingatinga alipiga moyo konde. Alioga, akavaa shati la kola, akamtia Shangazi ndani ya boksi, na badala ya kupita njia ya mkato akapita sokoni. Watu walimpisha kama kawaida. Alisimama mbele ya meza ya hoho, akaweka boksi juu ya kreti tupu, akafungua kifuniko.

"Mama Hoho," alisema, na sauti yake ya karakana ilifika mpaka kwa wauza samaki. "Huyu ndiye Shangazi. Ndiye mliyemwombea. Nilipaswa kusema siku ileile, nikaona aibu, mtu mzima kama mimi kulilia mnyama. Halafu ukawa unanichagulia hoho nzuri, nikaogopa utaacha. Nisamehe. Na nyie wote mnisamehe."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyatoa kwa mkupuo. Wauzaji walikuwa wamesogea, wanachungulia boksini. Shangazi alichungulia naye, pua inacheza.

"Ndiye huyu mwenye meno?" aliuliza mtu.

"Ndiye huyu anayekimbilia friji?"

"Jamani, lakini ni mzuri!"

Kicheko kilianzia kwa muuza vitunguu, ambaye wiki nzima hakuwa amepumzika, kikazunguka meza zote. Mama Hoho alijitahidi kukaza uso. Alifuta hoho moja ambayo haikuwa na vumbi. Kisha mdomo wake ukamsaliti pembeni.

"Kwa hiyo nilipokuuliza kama ni mtu wa kushukuru..."

"Nilijibu kweli."

"'Akishiba'!" alisema Mama Hoho, na hapo akaangua kicheko mpaka ikabidi ashike meza, na hoho mbili za njano zikavingirika zikaangukia upande wa kijani bila yeye kuzirudisha. Alipojifuta macho, alisema, "Mnaenda wapi?"

"Kwa daktari."

"Basi nakuja. Nimemuuguza huyu mgonjwa muda wote huu, nami nataka kusikia."

Alimwachia muuza vitunguu meza.

Kwa daktari walisubiri kwenye benchi. Mama Hoho aliomba kumpakata mgonjwa, akawekewa taulo mapajani na Shangazi juu yake. Alikuwa anamkuna nyuma ya masikio, anamsimulia juu ya hoho nyekundu zitakazofika kesho, mara akaruka nusu ya kusimama.

"Ananikojolea! Kaka, ananikojolea, mkojo umepita taulo, nguo yangu!"

Tingatinga alipiga magoti pale sakafuni kwa kishindo. Hakutazama nguo kama nguo. "Tulia! Usifute! Hebu nione." Aliinamisha uso mpaka karibu na goti la Mama Hoho. "Amelia?"

"Nani, mimi?"

"Shangazi! Amelia?"

Mama Hoho alifikiri. "Hajalia. Ametulia tu, kama bibi harusi."

"Msafi," alisema Tingatinga. "Tazama. Maji matupu. Daktari! Daktari, njoo uone!"

Daktari alitoka mbio akidhani kuna ajali. Alikuta fundi mkubwa amepiga magoti, mwanamke aliyelowa paja, na wote wawili wanaonyesha doa kwa furaha kama watu waliookota dhahabu. Aliinama naye akatazama. Kisha akampeleka Shangazi ndani, akapima mkojo, akapiga picha nyingine na kuitundika kwenye taa. Wingu lilikuwa limebaki kama moshi wa kijiti cha kiberiti.

"Sasa ndiyo," alisema. "Mmefanya nini tofauti?"

"Tumempata aliyekuwa anamlisha," alisema Tingatinga. "Dada yangu. Ameacha."

"Mpe salamu zangu. Dawa tunaisimamisha, lakini chakula ni hichohicho, maisha yake yote. Akionja mchicha wiki hii, wiki ijayo mko hapa. Na mniletee taulo zake nizione kila mwezi."

"Hoho atapata," alisema Mama Hoho, mkono kwenye paja lililolowa, kana kwamba swali lilikuwa lake. "Hiyo niachieni mimi."

Walirudi kwa miguu, taratibu, kwa sababu ya boksi. Mama Hoho alitembea akiwa ameshikilia kikapu chake cha sokoni mbele ya doa, na kila baada ya hatua kadhaa alicheka peke yake. Walipokaribia kona ya kwenda karakana alimtazama fundi kwa jicho la kupima, lile alilotumia shambani wakati wa kuchagua mzigo.

"Hebu nikuulize. Na wewe mchana huwa unakula nini?"

Tingatinga alifikiri kwa uaminifu. "Chai na mkate."

"Kila siku?"

"Kuna siku chai inaisha."

Mama Hoho alisimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli alipiga kengele akawazunguka.

"Yaani simbilisi anakula saladi ya majani marefu," alisema, "tango lisilo na mbegu, hoho ya rangi mbili. Na mwenye nyumba anakula mkate mkavu."

"Si mkavu sana."

"Nyamaza kwanza. Chumvi unatia nyingi? Maji unakunywa?"

Boksini Shangazi alisikia sauti ya ukali huo akapiga mluzi, na Tingatinga, ambaye hakuwa amezoea kuulizwa maswali mawili kwa mpigo, alibadilisha boksi mkono na kuanza kujibu la kwanza.